Seti ya Pili

Wajumbe tisa wa kamati ya utendaji walibishana kwa saa mbili kamili juu ya rangi ya bitana ya suti zao mpya. Muda wote huo Fundi alikuwa amesimama karibu na mlango, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni na daftari mkononi, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Kiti cha kumi kilikuwapo, lakini juu yake palikuwa na kombe, na hakuna aliyefikiria kuliondoa. Lilikuwa kombe la zamani sana. Waliolishangilia wakiwa vijana sasa walikuwa na wajukuu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema Mhazini, "bitana hakuna anayeiona. Kwa nini tusitie ya bei ya chini?"

"Ndiyo maana klabu haiendi mbele," Mwenyekiti akamjibu. "Tunahangaika na vya nje tu. Kiongozi lazima awe na ubora wa ndani."

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Katibu akaandika: ubora wa ndani.

Timu yao ilikuwa ya pili kutoka mkiani na ilibakiwa na mechi moja. Wakishinda, wamepona. Wakitoka sare au wakifungwa, wanashuka daraja. Jambo hilo lilikuwa ajenda ya tano. Ya kwanza ilikuwa suti, ya pili mpangilio wa kukaa jukwaa kuu, ya tatu picha rasmi ya kamati, ya nne mapokezi ya mgeni rasmi. Mjumbe mmoja mzee, ambaye kwa kawaida alisinzia hadi chai iletwe, aliinua kidole akauliza kama si vibaya kamati kushona suti wakati timu inazama.

"Timu inaweza kushuka," Mwenyekiti alisema kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kusoma. "Kamati haishuki. Huo ndio mkakati."

Mwenyekiti alikuwa muuza magodoro, na maghala yake yalijaa sponji hadi darini. Kila alipokwama kwenye hoja alisema "mkakati", na neno lenyewe lilikuwa kama magodoro yake: ukilikalia linabonyea, ukiinuka linarudi vilevile.

Fundi akaruhusiwa kupima. Mhazini alivuta pumzi ndani kulificha tumbo, Fundi akasubiri. Hakuna mtu awezaye kushindana na mshonaji kwa kubana pumzi. Ilipobidi aiachie, Fundi akasoma namba ya kweli na kuiandika. Katibu alimnong'oneza kwamba nembo yake iwe kubwa kidogo kuliko ya Mhazini. Mhazini, alipoona Katibu ananong'ona, alirudi kunong'ona kwamba yake iwe kubwa kuliko ya Katibu. Mwenyekiti alitaka mabega yainuliwe.

Fundi alipokuwa amepiga magoti akimpima Mwenyekiti urefu wa suruali, ndipo Katibu alipofika kwenye mengineyo.

"Kuna barua ya mtunza vifaa. Ya tatu hii. Anasema seti ya pili ya jezi haipo stoo, na wageni wa mechi ya mwisho wanavaa kijani kama sisi. Anakumbusha kwamba kwa kanuni za ligi, rangi zikigongana mwenye uwanja ndiye anayebadilisha."

"Huyo si mumeo?" Mwenyekiti aliuliza, akimtazama Fundi kutoka juu.

"Ndiye, mheshimiwa."

"Anapenda sana kuandika."

Watu wakacheka. Ikaundwa kamati ndogo ya Mwenyekiti, Katibu na Mhazini, ikaagizwa ipeleke mapendekezo yake kwa Mwenyekiti, Katibu na Mhazini.

Fundi akainua kichwa. "Samahani, waheshimiwa. Kama ni jezi, hata mimi naweza kushona. Kitambaa cheupe kipo sokoni. Siku tatu zinatosha."

Mwenyekiti akauangalia mguu wake mwenyewe, pale futi ilipoishia.

"Fundi, umeitwa kupima au kuchangia hoja?"

"Kupima."

"Basi pima."

Akapima.

*

Nyumba yao ilikuwa chini ya jukwaa la uwanja. Ilikuwa vyumba viwili ambavyo klabu ilimpa mtunza vifaa badala ya kumwongezea mshahara, na dari yake ilishuka kwa ngazi kama migongo ya viti vilivyokuwa juu yake. Mtu mrefu aliweza kusimama wima upande wa dirishani tu. Cherehani ilikaa hapo, kwenye mwanga, na wateja waliingia kwa mlango wa nyuma. Timu ilipofunga bao, watu juu waliruka na vumbi la saruji likawamwagikia. Msimu huo Fundi hakuwa na haja ya kufunika vitambaa vyake.

Mume wake wote walimwita Stoo, kwa sababu funguo za stoo zilikuwa kiunoni mwake miaka kumi na tisa. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na jezi alizihesabu kama mtu mwingine anavyohesabu watoto wake: kabla ya kuzifua, baada ya kuzianika, kabla ya kulala. Siku moja baada ya kikao alirudi mchana, akaketi juu ya gunia la mipira na kutazama ukuta.

"Nimeziona," alisema.

"Umeziona nini?" mkewe akamuuliza huku akikata kitambaa cha suti.

"Jezi. Seti ya pili. Ziko ghalani kwa Mwenyekiti. Wapagazi wake wanazivaa. Nimemkuta namba tisa amebeba godoro kichwani, namba nne anafagia, kipa amelala."

Mkasi ukasimama. "Ukafanyaje?"

"Nikamwambia namba tisa, ndugu yangu, hiyo jezi ni ya klabu. Akaniambia amepewa na bosi, sare ya kazi. Nikamwomba basi anipe hata hiyo moja. Akaniuliza, nikivua nitavaa nini, wewe utanipa shati lako?" Stoo alishika kifungo cha shati lake. "Nilianza kufungua vifungo, mke wangu. Kisha nikaona, shati moja litasaidia nini? Wako kumi na wanane."

Kutoka chumba cha pili ilisikika redio ikizimwa. Mama yake Stoo akatoka, mdogo wa umbo, mkubwa wa sauti. Alikuwa mwanachama wa klabu tangu kabla ya kuolewa, na kadi yake aliiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha ndoa. Kati ya hivyo viwili, cha ndoa ndicho kilichoanza kufifia.

"Umeona vibaya," alisema. "Mwenyekiti hawezi kuvalisha wapagazi jezi ya klabu. Mimi mwenyewe nilimpigia kura."

"Mama, nimesoma nembo kwa macho yangu."

"Zitakuwa zinafanana. Siku hizi kila kitu kinaigwa." Akamgeukia mkwewe. "Na wewe, mwanangu, unashona suti za kamati, unakula mkononi mwao, halafu mnakaa hapa mnawasengenya. Haipendezi."

Fundi akaendelea kukata, kwa sababu upande mmoja wa maneno hayo ulikuwa kweli. Bahasha ya malipo ya awali ilikuwa chini ya godoro lao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima watu wa klabu kulipa kitu kabla ya kuombwa mara saba, na walilipa kwa ajili ya nguo zao. Alijua angeweza kuchukua sehemu ya pesa hizo, kununua kitambaa cheupe, na kushona jezi kumi na nne bila kumwambia mtu. Alilifikiria jambo hilo jioni ile na kesho yake. Lakini Katibu alikuwa amekwisha mwandikia Stoo jibu, mistari miwili, kwamba ni marufuku kwa mtumishi au jamaa yake kutengeneza vifaa vya klabu nje ya utaratibu. Na aliyekuwa na neno juu ya utaratibu ndiye aliyekuwa na neno juu ya nyumba. Zaidi ya hayo, suti tisa kwa siku kumi si mchezo.

Basi akashona suti. Akainua mabega ya Mwenyekiti. Nembo ya Katibu na ya Mhazini akazifanya sawa kabisa, kwa kipimo cha futi, na kila mmoja wao alipokuja kujaribu aliondoka akiamini yake ndiyo kubwa.

*

Siku ya mechi uwanja ulijaa kuliko siku yoyote ya msimu. Watu hawakukosa tumaini. Walikuwa wamelizoea tu kama mtu anavyozoea jino bovu. Kamati iliingia jukwaa kuu saa nzima kabla ya mchezo ili ipigwe picha, watu tisa wa rangi ya zambarau, na kutoka mbali walionekana kama pazia.

Fundi aliitwa juu haraka. Kifungo cha koti la Mwenyekiti kilikuwa kimeruka alipocheka kwa ajili ya mpiga picha. Akapanda na sindano yake hadi kile chumba nyuma ya jukwaa kilichoitwa ofisi. Alikuwa ndio kwanza ametunga uzi mlango uliposukumwa, akaingia mumewe akihema, na nyuma yake mtu mwingine mnene, mwenye funguo kiunoni pia. Alikuwa mtunza vifaa wa wageni.

"Mheshimiwa," Stoo alisema, "wageni wamevaa kijani. Mwamuzi amesema hachezeshi. Ametupa dakika thelathini tubadilishe."

"Wabadilishe wao," Mwenyekiti alisema.

"Kanuni inasema sisi. Nilieleza kwenye barua."

"Vile vizibao vya mazoezi?"

"Vipo sita, mheshimiwa. Viwili havina upande mmoja."

Yule mnene akasonga mbele. Viongozi wake, alieleza, wameshikilia kanuni, hawatavua. Lakini hawakusafiri kutwa nzima ili wapewe ushindi mezani. Wao walikuja kucheza. Wana seti nyeupe ndani ya basi, safi, imepigwa pasi. "Tutawaazima. Mkimaliza mnatufulia, yameisha. Mimi na huyu mwenzangu tumekwisha elewana."

Stoo alitabasamu. Fundi alikuwa hajaona tabasamu hilo kwa muda mrefu, na mkono wake wenye sindano ukatulia.

"Zina maandishi kifuani?" Mwenyekiti akauliza.

Mtunza vifaa wa wageni akasita. "Zina jina la mdhamini wetu."

"Anauza nini?"

"Magodoro."

Mwenyekiti akaketi polepole, koti likiwa wazi. "Kwa hiyo wachezaji wangu, ndani ya uwanja wangu, mbele ya mgeni rasmi, walalie godoro la mtu mwingine. Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri…" Akamtazama Fundi, akakumbuka kwamba kuna mwanamke chumbani, akaimalizia methali kwa kukohoa. "Katibu, itisha kikao cha dharura."

Dakika sita zilipita kuwakusanya. Wajumbe watatu walikuwa wanapigwa picha na mgeni rasmi na waliona ni utovu wa adabu kumwacha. Mmoja alikuwa msalani. Katibu akahesabu vichwa, akasema akidi haijatimia. Mjumbe mzee akasema basi wazungumze tu bila kikao. Katibu akasema mazungumzo bila kikao ni umbeya. Aliyekuwa msalani akarudi. Akidi ikatimia.

"Hoja ni kuazima jezi," Mwenyekiti alisema.

"Kuazima au kuazimwa?" Mhazini akauliza. "Maana tukiandika tumeazima, inaonekana tuliomba. Wao ndio waliotoa wazo."

"Tuandike 'kushirikiana'," alisema mwingine.

"Nani atazifua?" alisema wa tatu. "Tusije tukaingia gharama."

"Nitazifua mimi," Stoo alisema kutoka mlangoni.

"Wewe si mjumbe."

Chini, watu walikuwa wameanza kupiga makofi ya pamoja, polepole, yale ya watu wanaotaka kitu kianze. Kocha alipanda mbio, akachungulia, akasema, "Jamani, vijana wangu wamekaa vifua wazi," kisha akaambiwa asubiri nje kwa kuwa hoja haijafika kwenye benchi la ufundi. Mwenyekiti alipendekeza jina kwenye jezi lifunikwe kwa karatasi na gundi. Ikajadiliwa rangi ya karatasi.

Fundi alikuwa bado amepiga magoti mbele ya tumbo la Mwenyekiti, uzi mkononi. Alikuwa anaitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika nne.

"Wazivae ndani-nje!" alisema, na sauti yake ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Jezi ukiigeuza, maandishi yanakuwa ndani. Namba nitawachorea kwa chaki mgongoni. Chaki ninayo hapa. Haki ya Mungu, waheshimiwa, mwambieni ndiyo huyu bwana, akazilete!"

Wote sita wakamtazama. Kwa kitambo kifupi ilionekana kama wangekubali. Mjumbe mzee alikwisha anza kutikisa kichwa.

"Fundi," Mwenyekiti alisema, "hii ni mara ya pili. Umeitwa kwa ajili ya kifungo."

"Dakika nne, mheshimiwa."

"Kifungo."

Katibu akauliza kama maneno ya mshona vifungo yaingie kwenye muhtasari. Ikaamuliwa yasiingie. Walikuwa wanaamua bado filimbi ilipolia, ndefu, mara tatu, na kelele ikatanda uwanja mzima. Mtunza vifaa wa wageni akamshika Stoo bega. "Pole, mwenzangu," alisema, na akaondoka bila kumuaga mtu mwingine.

Mabao matatu kwa bila, mezani. Klabu ikashuka daraja bila mpira kuguswa. Mgeni rasmi, ambaye hakuwa mtu wa soka, alipiga makofi.

*

Siku ya tatu Katibu alifika nyumbani asubuhi, akainama kuikwepa dari, akaigonga vilevile. Mama mkwe alikuwa kliniki kupimwa shinikizo la damu, ambalo tangu siku ile alikuwa akimlaumu mwamuzi kwalo. Katibu akatoa karatasi iliyopigwa chapa na kuilaza juu ya cherehani.

"Mkutano mkuu ni Jumapili," alisema. "Wanachama watauliza. Kamati imekaa, imetafakari, imeona ni heri jambo hili limalizwe kifamilia."

Stoo alisoma kwa sauti yake ya chini. Ilisema kwamba yeye, mtunza vifaa, anakiri seti ya pili ilipotea mikononi mwake kwa uzembe, na kwamba hakuitaarifu kamati kwa wakati.

"Niliandika barua tatu," alisema.

"Barua zipo. Haziko kwenye faili." Katibu alikuwa anatazama chini, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu kuliko cheo. "Sikiliza, ndugu yangu. Ukisaini, Mwenyekiti atatangaza kukusamehe. Kazi unabaki nayo, nyumba unabaki nayo. Usiposaini, kamati itasema hayohayo bila wewe, na nyumba ni ya klabu. Mimi nimetumwa tu."

Stoo akamgeukia mkewe. Katika miaka yao yote pamoja aliamua mwenyewe mambo ya mipira na soksi, na mengine yote aliyaleta kwenye cherehani hii. Fundi alitazama vyumba vyao viwili. Aliwawazia wateja waliokwisha izoea njia ya mlango wa nyuma, na mama mkwe na vidonge vyake. Akawaza jinsi kodi za mjini zilivyo.

"Saini," alisema.

"Mke wangu."

"Saini, mume wangu. Aibu haivuji mvua ikinyesha. Watu watazungumza wiki mbili, ya tatu watapata jingine."

Akasaini. Jina lake alilichora taratibu, kama anavyoandika namba kwenye jezi mpya. Katibu akaikunja karatasi, akaitia ndani ya koti lake la zambarau, upande wa bitana.

Walikubaliana wasimwambie mama.

*

Mkutano mkuu ulifanyika uwanjani, asubuhi ya jua kali. Wanachama walikaa mbele, wasio wanachama nyuma ya kamba. Fundi alikuwa nyuma ya kamba. Kila mwanachama aliyeingia alipewa leso yenye nembo ya klabu upande mmoja na picha ya godoro upande wa pili. Mama mkwe alipokea yake, akaitandaza kichwani kuzuia jua, akakaa safu ya kwanza karibu na mwanawe.

Mwenyekiti alizungumza muda mrefu. Alisema kushuka daraja ni kurudi nyuma ili kuruka mbali. Alisema kuna mkakati wa miaka miwili, na kamati ikiongezewa miaka hiyo miwili, wataona. Kisha akaishusha sauti.

"Mmeuliza habari ya jezi. Ni haki yenu. Katibu, wasomee."

Katibu akasoma. Aliposoma neno uzembe, mguno ulipita kwenye safu kama upepo. Mtu akapiga kelele, "Mtoeni huyo!" Mwingine akarusha leso, haikufika mbali. Stoo aliinamisha kichwa akazitazama funguo zake. Kutoka nyuma ya kamba Fundi aliiona shingo ya mumewe, nyembamba ndani ya kola aliyomgeuzia yeye mwenyewe, akahisi kwamba wiki mbili ni ndefu sana.

"Tumemsamehe," Mwenyekiti alisema, mkono kifuani. "Ni mtu wetu. Sasa, wanaoafiki kamati iendelee, mikono juu!"

Mikono ikainuka, mingi, mingine ikiwa na leso. Katibu hakujisumbua kuihesabu. "Wanaopinga?" alisema, na bila kuinua macho akaandika. "Imepita kwa kauli moja."

"Bado mimi," ilisema sauti ya mbele.

Mama mkwe alikuwa amesimama. Leso alikuwa ameivua na kuiweka juu ya kiti. Kadi yake, ndani ya plastiki, alikuwa ameiinua.

"Mama, tumekwisha andika," Katibu alisema. "Kauli moja."

"Basi andika mbili."

Watu wakacheka, wengine wakazomea. Mwenyekiti akainua mkono kuwatuliza, na akatabasamu kama mtu aliyezaliwa na subira.

"Mama yetu huyu. Mwanachama wa zamani. Hebu tuambie, kauli yako ni ipi?"

"Nilikupigia kura mara tatu," alisema. "Niliambiwa mambo juu yako, nikamgombeza aliyeniambia, ndani ya nyumba yangu. Lakini huyu nimemzaa mimi. Tangu mdogo, soksi moja ikipotea, hali chakula. Mnasema amepoteza jezi kumi na nane? Uwongo mwingine hauhitaji shahidi, unahitaji mama tu."

"Mama," Mwenyekiti alisema, na upole ukampungua kidogo, "amesaini mwenyewe. Yuko hapo. Muulize."

Uwanja mzima ukamgeukia Stoo. Yeye hakumtazama mama yake wala Mwenyekiti. Aligeuka kabisa kwenye kiti chake, akatafuta nyuma ya kamba hadi akamwona mkewe.

Fundi alijua anaulizwa nini. Ni yeye aliyesema saini. Ni yeye tu angeweza kumfungua. Kwa mkupuo mmoja aliyaona yote: dirisha, mwanga, mlango wa nyuma. Halafu akainua kidevu, kidogo tu, kama anavyomfanyia mteja anapomwambia asimame wima.

Stoo akasimama. Alikuwa na mwili mrefu kuliko watu walivyodhani.

"Tatu," alisema. Kisha, kwa kuwa watu hawakusikia vizuri, akasema tena kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia. "Andika tatu! Sikupoteza kitu. Jezi ziko ghalani kwa Mwenyekiti, wapagazi wake wanafanyia kazi. Anayebisha aende sasa hivi, ni mwendo wa robo saa. Barua niliandika mara tatu. Hiyo karatasi nilisaini kwa sababu ninalala kwenye nyumba yenu."

Kelele iliyofuata haikuwa ya upande mmoja. Wengine walimwita mwongo. Wengine walianza kuuliza ghala liko wapi, na vijana kama kumi hivi wakaondoka bila kungoja jibu. Mjumbe mzee, kwenye meza kuu, alivua koti lake akalikunja mapajani. Huenda lilikuwa joto tu. Mwenyekiti aligonga meza akasema hoja ilikwisha pita, muhtasari ni muhtasari, na mkutano umefungwa. Na kwa kweli ulifungwa. Kamati iliendelea, miaka miwili zaidi, kama ilivyoandikwa.

Fundi hakungoja hayo. Hakuwa mwanachama, hakuwa na kauli ya kuandikwa. Alitoka kwa lango la nyuma, akaenda hadi kona wanapokaa wenye mikokoteni. Mteja wake mmoja, mwuza nyuzi sokoni, alikuwa na chumba cha uani. Kilikuwa kidogo, lakini dari yake ilikuwa imenyooka. Angemwomba hicho.

Mwenye mkokoteni alimfuata hadi chini ya jukwaa, akachungulia ndani, akapima vitu kwa macho. Juu yao miguu ya watu ilikuwa bado inakimbia huku na huku.

"Mnahama?"

"Tunahama."

"Mmefukuzwa?"

"Bado," Fundi alisema, akikivua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake. "Lazima wakae kikao kwanza."

"Basi hakuna haraka, mama. Nirudi kesho asubuhi, jua likiwa dogo."

"Hapana, ndugu yangu. Shika upande huo." Aliinua upande wake. "Nataka barua yao ikifika, ikose mtu wa kuipokea."